Kunja, kunjua, pindua: lugha ya wakunjaji wa karatasi wa Masisi na Walikale

Mpe mwenzako karatasi, mwache aende chumba cha pili, kisha umweleze kwa sauti tupu jinsi ya kukunja ile ndege ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Usichungulie, naye asikuonyeshe kitu. Kabla ya mkunjo wa tatu mtakuwa mnagombana. Tunapofundishana kazi ya mikono, sehemu kubwa ya maelezo yetu ni hapa, huku, hivi na vile, maneno ambayo hayakamiliki mpaka kidole kiyakamilishe. Darasani tunayaita vionyeshi. Kidole kikiondoka, vionyeshi navyo hubaki vitupu.

Makala haya yanahusu vijana wanne wa Kivu Kaskazini ambao kidole kiliwaondoka. Wawili ni wa Masisi, wawili wa Walikale. Walijuana Goma wakiwa wanafunzi wa sekondari: wale wa Masisi walikuwa wameteremka na familia zao wakikimbia vita, wale wa Walikale walikuja kusoma. Jioni walikaa pamoja wakikunja karatasi, wakionyeshana ndege, vyura, maboksi na mitumbwi, wakibishana ni mfano upi umetulia na upi umekaa upande. Mmoja wao ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwisho wa Januari 2025 mji wa Goma ulitekwa, na mwezi uliofuata kambi za wakimbizi zilizouzunguka zikaondolewa watu. Wa Masisi wakapanda tena milimani, wa Walikale wakarudi kwao msituni. Machi vita vikaingia na Walikale-centre. Tangu hapo wanafundishana mikunjo kwa jumbe za sauti, kwa kuwa video inamaliza mega zote za wiki, na kwa kuwa huko kwao mtandao ni kitu cha kupandia kilimani. Walinipa ruhusa ya kusikiliza jumbe hizo na kuziandikia, kwa sharti kwamba majina yao yasionekane.

Nilianza kusikiliza kama ndugu, nikaendelea kama mwanafunzi wa isimu. Ninachotaka kueleza ni kwamba msamiati wa kukunja karatasi, ambao katika kozi yetu ya istilahi tungeutafuta kwa kufasiri Kijapani na Kiingereza, Kiswahili tayari kinao, na uzito wake uko kwenye vitenzi kuliko kwenye nomino.

Kwanza mazingira ya lugha, kwa msomaji asiyeifahamu sehemu hiyo. Masisi ni milima ya malisho na mashamba ya viazi na maharage, na lugha zake za nyumbani ni hasa Kihunde (JD51 katika uainishaji wa Guthrie) na Kinyarwanda (JD61). Walikale iko upande wa magharibi, ardhi inashuka hadi kwenye msitu mkubwa. Huko kuna Kinyanga (D43), lugha ya utendi wa Mwindo ambao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliuchapisha mwaka 1969, na kuna Kikomo, Kilega na nyingine. Mateene huyohuyo ndiye mwandishi wa sarufi ya Kihunde iliyotoka mwaka 1992. Kifaransa ni cha daftari. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote sokoni, kanisani, na kwa hawa vijana, mbele ya karatasi.

Hiki ni kipande cha ujumbe mmoja. Nimekiandika kama kilivyosemwa, bila kukisanifisha:

«Kamata kakaratasi ka karo. Kunja mu katikati, piga pasi na ukucha, rudisha. Sasa sikio ya kuume ulete mpaka ku mustari wa katikati. Fanya na ya ngambo. Pindua. Tumbo ikuwe chini.»

Mwalimu wa Kiswahili sanifu atashika kalamu nyekundu. Kamata badala ya chukua. Mu na ku badala ya -ni. Sikio ya badala ya sikio la. Na kiambishi ka- cha udogo ambacho sanifu inakikwepa lakini Kiswahili cha Kongo kinakitumia kila dakika, kama zinavyofanya lugha nyingi za Kibantu zilizokizunguka. Sitaingia katika ugomvi huo. Ninamwomba msomaji achukue karatasi ya daftari la hesabu na kufuata maneno hayo. Atapata mwanzo wa ndege uliokaa sawa, na hakuna hapa hata moja katika ujumbe mzima.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika jumbe za awali hapa zimejaa, na majibu yake ni kicheko: «Hapa wapi, mutu wangu? Mi niko huku!» Suluhisho lilitoka kwenye karatasi yenyewe. Karatasi ya karo, ile yenye miraba midogo, ina vipimo tayari. Mtu anaweza kusema «hesabu karo ine toka juu» na mwenzake aliye umbali wa siku nzima ya barabara mbovu akaweka kidole mahali palepale. Karatasi ya mistari nayo ina ule mstari mwekundu wa pembeni, nao wanautumia kama mpaka. Tangu walipogundua hilo, hawataki tena karatasi nyeupe. Wakunjaji wa kwingineko husifu karatasi safi isiyo na alama. Hawa wanasema karatasi nyeupe ni bubu.

Kitu cha pili kilichochukua nafasi ya kidole ni mwili. Pembe za karatasi ni masikio. Ncha ya mbele ni pua. Mkunjo ulioinuka ni mgongo, mfuko wa ndani ni tumbo, pahali panapofunguka ni kinywa. Jambo hili si la ajabu kwetu tuliosoma kazi za Bernd Heine kuhusu jinsi lugha za Afrika zinavyopata maneno ya mahali kutokana na viungo vya mwili; hata mbele yetu ya Kiswahili wanaisimu wa Kibantu huihusisha na shina la kale lenye maana ya titi. Ila kuna tofauti moja ya kufurahisha. Katika lugha, mgongo wa kitu huwa palepale. Katika karatasi viungo huhama: sikio likishakunjwa mara mbili huwa pua, na tumbo likipinduliwa huwa mgongo. Kila baada ya mikunjo michache msemaji analazimika kutangaza upya: «sasa hiyo njo pua.» Hilo njo, ambalo ni ndiyo ya sanifu katika kazi ya kusisitiza, linafanya hapa kazi ya ubatizo.

Sasa vitenzi. Kunja ndicho mama wa vyote, na kinyume chake ni kunjua, kwa ile -u- ya kutendua tunayoikuta katika funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua. Kinyarwanda kina mwenzake: gufunga, gufungura. Basi mtu angetegemea kwamba pinda nayo itatenduliwa na pindua. Sivyo. Kupindua si kunyoosha kilichopindwa, ni kugeuza juu kuwa chini. Mofolojia ni ileile, maana imekwenda njia yake. Vijana hawa wamezigawana kazi kwa usahihi mkubwa: kunja ni kutia mkunjo wenye alama, pinda ni kuinamisha kidogo bila kutia alama, kama vile kuinua ncha ya bawa ili ndege isichome chini, pindua ni kugeuza karatasi yote. Kunjakunja, kwa urudufishaji, si kufinyanga ovyo kama ninavyoitumia mimi nikiongelea shati, bali ni mikunjo ya kwenda na kurudi, ile ya kipepeo cha mkono. Na kufunga, kitenzi cha mama zetu wanaofunga chakula kwa majani, kimehifadhiwa kwa mkunjo wa mwisho unaozuia kazi isifumuke.

Kunjua hawakitumii sana. Wanasema rudisha. Nilimuuliza mdogo wangu kwa nini, akanijibu: «Yaya, ukikunjua inakuwa kama hukukunja. Ukirudisha, alama inabakia.» (Msomaji wa Nairobi asishtuke, kwetu yaya ni ndugu mkubwa.) Anayejua origami atatambua uzito wa jibu hilo. Sehemu kubwa ya mikunjo katika kazi ngumu hufanywa ili irudishwe, karatasi ipate njia ambazo baadaye itazifuata. Kijana ambaye hajawahi kusoma kitabu cha fani hiyo ameona kwamba kuna matendo mawili, na kila moja amelipa kitenzi chake.

Nimetaja origami, na neno lenyewe linastahili sentensi mbili. Ni ori, kutokana na kitenzi oru, kukunja, na kami, karatasi. K ya kami hulainika kuwa g inapoingia katika neno ambatani. Aliyezoea ulimi kuwa ndimi hatashangazwa na sauti inayobadilika kwa sababu ya jirani. Wajapani walikuwa na kitabu kilichochapishwa cha kukunja korongo mwaka 1797, lakini lugha ya kimataifa ya fani hii ni ya karne iliyopita. Akira Yoshizawa (1911–2005), katika kitabu chake cha 1954, alipanga mfumo wa mistari na mishale, na miaka ya 1960 Samuel Randlett wa Marekani na Robert Harbin wa Uingereza wakaueneza. Mstari wa vistari vifupi ni mkunjo wa bonde, karatasi inakunjwa kuelekea kwa mkunjaji. Vistari vilivyochanganywa na nukta ni mkunjo wa mlima, inakunjwa kwenda upande wa pili. Kwa alama hizo mtu wa Osaka na mtu wa Lima wanaelewana bila neno hata moja.

Mtu angedhani watoto wa Masisi, wanaoishi kati ya milima na mabonde, wangefurahia majina hayo. Niliwatumia. Bonde walilipokea. Mlima waliukataa, si kwa sababu ya neno bali kwa sababu ya tendo: hawana mkunjo huo. Wanapohitaji kukunja upande wa pili, wanasema pindua, kunja, pindua. Karatasi iko mkononi, inageuzwa kwa nusu sekunde. Kwa nini uukunje mgongo usiouona? Niliwaza sana juu ya hilo. Mkunjo wa mlima unahitaji jina kwa sababu mchoro hauwezi kugeuzwa. Uliolizaa neno hilo ni ukurasa. Anayefundisha kwa mdomo anatoa amri moja baada ya nyingine, anahitaji vitenzi. Anayechora anaweka hali zote mbele ya jicho kwa pamoja, anahitaji nomino za kuzitofautisha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu wa kozi ya istilahi, ambao nilipowaeleza kazi hii walianza palepale kupendekeza mkunjo-bonde, mkunjo-mlima, msingi-ndege, msingi-chura. Maneno hayo si mabaya, na siku tukichapa kitabu chenye michoro tutayahitaji. Ila kamusi iliyoanzia kwenye mchoro ingetuonyesha kwamba vijana hawa wana pengo, mahali ambapo kwa kweli wana sentensi.

Nilifanya jaribio dogo bwenini. Wenzangu watatu, mmoja wa Tanga, mmoja wa Mbeya na mmoja kutoka Kenya, walikunja kwa kusikiliza ule ujumbe niliouandika hapo juu na mwendelezo wake. Kamata iliwachekesha, maana kwao anayekamata ni polisi. Wa Tanga alikwama kwenye ngambo: «Ng'ambo ya wapi, Unguja?» Nikamwambia kwamba Kivu ngambo ni upande tu, akaendelea. Wote watatu walirusha ndege. Siku nyingine niliwasomea maelezo ya mfano uleule niliyoyasanifisha kwa istilahi zetu. Walifika, lakini wawili walinisimamisha kuuliza mkunjo-mlima ndiyo nini, na mmoja alipumua na kusema inafanana na mtihani. Watu watatu si utafiti, najua.

Jina la mfano nalo lina vituko vyake. Kiswahili kinampa ndege wa mbinguni na ndege wa injini neno moja. Kinyarwanda kiliazima indege kwa chombo tu, na mnyama akabaki inyoni. Nilipowapelekea vijana wa Masisi korongo wa karatasi, yule maarufu wa Kijapani, nikamtaja kuwa ni ndege, walimrusha. Akaanguka kama jiwe, wakaniambia ndege yangu ni mbovu. Walikale nako neno hilo lina kumbukumbu yake: kwa miaka kadhaa vyombo vidogo vilivyobeba kasiteriti ya Bisie vilitua na kuruka kwenye kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, magari na watu wakisubiri pembeni. Mmoja wa vijana wa Walikale ana mfano wenye mabawa mapana na tumbo nene. Anauita Antonov, na anasisitiza kwamba ndege nzuri ni ile inayotua ikiwa na mzigo, si inayokwenda mbali. Huweka kokoto ndani. Wa Masisi wanapima kwa umbali, kwa sababu wao hurusha kutoka kilimani. Mabishano yao marefu kuliko yote ni juu ya hilo, na hayajaisha.

Korongo alipoeleweka kuwa ni mnyama, alipata wapenzi. Niliwasimulia habari za Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima aliyekunja makorongo hospitalini na kufariki mwaka 1955 akiwa na miaka 12, kwa ugonjwa uliotokana na bomu la 1945. Niliwaambia pia kwamba urani ya bomu lile kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, ndani ya nchi yetu. Hakuna aliyejibu siku hiyo. Kesho yake ulikuja ujumbe mfupi unaouliza shingo ya korongo inakunjwaje.

Karatasi ndiyo shida ya kweli. Daftari linanunuliwa kwa taabu, na kila karatasi inayochanwa humlegeza pacha wake wa upande wa pili wa pini, kwa hiyo ukichana ya hesabu ya Jumatatu, ya Ijumaa nayo hudondoka. Wanachana za katikati kabisa, pini zinapoziachia zote mbili bila kujeruhi nyingine. Mama mmoja anayeuza karanga anawapa madaftari ya zamani kwa kubadilishana: wao humkunjia vifuko vya karanga, yeye huwaachia kurasa chache. Vifuko hivyo hakuna anayeviita sanaa, lakini kitako chake, ule mkunjo mdogo unaorudishwa juu ili karanga zisimwagike, ni fundi kuliko mkia wa ndege. Walikale, karatasi ikikosekana, kuna majani mapana ya msituni ambayo watu hukunja kikombe cha kunywea maji mtoni. Yule wa Antonov anasema hapo ndipo alipojifunza kwanza, kwa bibi yake, na bibi hakueleza neno.

Halafu kuna unyevu. Masisi ni mvua na ukungu, Walikale ni joto la msitu, na karatasi inayolegea haishiki alama. Wanaikausha karibu na moto kabla ya kuanza. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Karatasi ni kinyume, ingawa Yoshizawa mwenyewe ndiye aliyebuni mbinu ya kulowesha karatasi ili kuipa umbo la mviringo. Hilo sijawaambia bado. Wataharibu madaftari.

Kuna mkunjo mmoja uliowashinda kuusema. Ni katika chura: unafungua mfuko, unauinua wima, kisha unaulaza ili ujitandaze pande mbili sawa. Mkono unaufanya kwa mara moja, lakini mdomo unahitaji vitenzi vitatu vinavyotokea kwa wakati mmoja, na sarufi hutoa kimoja baada ya kingine. Walijaribu «fungua kinywa, halafu kalisha», wakajaribu «pasua tumbo bila kupasua», wakatukanana kidogo. Mwishowe wa Walikale walikunja chura mzima, wakamtia ndani ya boksi la kiberiti, wakampa dereva aliyekuwa akielekea upande wa Masisi.

Alifika baada ya wiki mbili, amebonyea mguu mmoja. Mdogo wangu alimrudisha mkunjo mmoja mmoja, akihesabu alama na kusema kwa sauti kila anachokiona, simu ikirekodi. Rekodi hiyo ni ya dakika kumi na moja. Karibu na dakika ya tisa ananyamaza, karatasi inasikika ikikwaruza, kisha anasema: «Aa. Haiko kukunja hii. Ni kulalisha.» Kulalisha limeshaingia katika jumbe zao zote, na chura wa pili ameshakunjwa Masisi, kwa karatasi ya karo, akiwa na miguu minne mizima.